Shilingi ya Susu na Ujanja wa Mfalme Ptolemy

Novemba 2019 susu alinipa noti 14 za thao nikamnunulie mabati Emali. Alizitoa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ule anauweka juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Zilikuwa zimekunjwa vizuri na zinanuka moshi wa jikoni.

Zote zilikuwa za zamani. Zilikuwa zimekufa tangu tarehe 1 Oktoba.

Mimi ndiye nilimwambia. Nilikuwa fomu two, nikajaribu kumweleza habari ya noti mpya, noti feki, pesa za ufisadi, mambo yote niliyoskia kwa redio. Susu akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali moja: "Zimekufaje na hazijatoka ndani ya mkebe?"

Sikuwa na jibu. Na niseme ukweli hapa mapema: kosa lilikuwa letu. Sisi wajukuu tulikuwa na simu. Tangazo lilitoka Juni, tukawa na miezi minne ya kutengeneza utani kuhusu wanasiasa wanaochimbua magunia ya pesa shambani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mkebe wa susu Matiliku.

Chini kabisa ya mkebe kulikuwa na kitu kingine. Sarafu nzito kidogo, imechakaa, upande mmoja kuna kichwa cha mzungu mwenye taji, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. "EAST AFRICA, ONE SHILLING, 1922." Susu aliachiwa na mama mkwe wake. Akaniambia, "Hiyo ni mbesa ya kitambo. Hata hiyo imekufa."

Unajua vile kila mtu hukwambia ukipata sarafu ya zamani. Uza! Kuna mzungu ananunua kwa milioni! Ile hadithi ya sarafu ya bob 40 ya Kibaki kila mtu ameiskia, na kuna watu wametumiwa pesa za "usajili" na wajinga wenzetu wakitafuta huyo mnunuzi ambaye haonekani. Nami nilianza hapo hapo, kutafuta bei. Nikagundua hii shilingi ya simba si adimu, zilitengenezwa nyingi sana. Lakini nikiwa natafuta sarafu za fedha zenye simba, nikaletewa sarafu nyingine ya miaka 2,300 iliyopita. Kijana amevaa ngozi ya simba kichwani kama kofia. Nikafungua nione ni nini, na huko ndiko nilikopata jibu la susu.

Ile sarafu ni ya Alexander, yule mfalme wa Makedonia aliyeteka nchi kutoka Ugiriki mpaka mipaka ya India, akafa Babeli mwaka wa 323 KK. Kichwa chenye ngozi ya simba ni cha Herakles, shujaa wa hadithi zao. Upande wa pili ni mungu Zeus amekaa kwenye kiti, ameshika tai. Inaitwa tetradrakma, maana yake drakma nne, na ilikuwa na uzito wa karibu gramu 17.2 za fedha safi au karibu safi.

Ninaposema fedha hapa namaanisha madini yenyewe. Kiswahili chetu kina ujanja wake: fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Wakati wa Alexander hilo neno lingekuwa sahihi kabisa, kwa sababu pesa ilikuwa madini. Mfanyabiashara wa Athene na wa Babeli hawakuhitaji kujuana. Walihitaji mizani. Gramu 17 ni gramu 17.

Kama umewahi kuuza ndengu soko la Matiliku unaelewa hii kitu bila kufundishwa. Mnunuzi akija na lori na mizani yake mwenyewe, kila mama anaiangalia ile mizani kabla aangalie uso wa mwenye lori.

Alexander alipokufa, sarafu yake haikufa. Watu waliiamini hivi kwamba miji na wafalme wengine waliendelea kuifua, na jina lake likiwa juu yake, kwa zaidi ya miaka 200. Mtu amezikwa na sarafu yake bado inatoka mpya. Hicho kipindi cha baada ya Alexander, ambapo majenerali wake waligawana nchi zake, ndicho wanahistoria huita enzi ya Kihelenisti.

Mmoja wa hao majenerali alikuwa Ptolemy. Alichukua Misri. Aliteka hata maiti ya Alexander njiani, ikapelekwa Misri, ili watu waone nani ndiye mrithi. Halafu akaanza kubadilisha pesa, polepole.

Kwanza alibadilisha picha. Akamtoa Herakles, akaweka kichwa cha Alexander mwenyewe amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga umeinuka juu. Uzito ukabaki ule ule. Watu wakazoea. Baadaye, Ptolemy akishajiita mfalme, akaweka uso wake mwenyewe, mzee wa kidevu kilichochongoka na macho makubwa. Na katikati ya hayo yote uzito ukaanza kushuka. Kutoka gramu 17.2 ukateremka hatua kwa hatua mpaka ukasimama karibu gramu 14.2. Jina halikubadilika. Bado ni tetradrakma.

Sasa ungesema, si mtu atapima tu aikatae? Hapo ndipo Ptolemy alikuwa mjanja. Sarafu za nje zilikatazwa kutumika ndani ya Misri. Ukishuka na meli Aleksandria na sarafu zako nzito za nje, unazipeana, unapewa za mfalme. Moja kwa moja.

Hesabu ni hii. Unaingia na sarafu 100 zenye gramu 17.2, jumla gramu 1,720. Unapewa sarafu 100 zenye gramu 14.2, jumla gramu 1,420. Gramu 300 za fedha zimebaki bandarini na hakuna mtu ameweka mkono ndani ya mfuko wako. Ukihesabu sarafu ziko zote.

Kuna barua ya mwaka wa 258 KK iliyopatikana kwenye karatasi za mafunjo kule Misri. Aliyeiandika anaitwa Demetrios, aliyesimamia ufuaji wa sarafu, na alikuwa anamwandikia Apollonios, waziri wa fedha wa Ptolemy wa pili. Wageni na wafanyabiashara wameleta dhahabu yao ifuliwe upya na mambo yamekwama, watu wanalalamika kwamba mali yao imekaa tu bure, hawawezi kuitumia. Nilipofika hapo nilimkumbuka susu. Mtu ana mali mkononi, haijaibiwa, haijaoza, lakini haiwezi kununua kitu.

Kwa nini wafanyabiashara walikubali? Kwa sababu Misri ilikuwa na ngano na wao walitaka ngano. Ukitaka kuingia kwa nyumba ya mtu unavua viatu. Na wachimbaji wa siku hizi wakifukua vyungu vya sarafu zilizofichwa Misri wakati huo, wanakuta karibu zote ni za akina Ptolemy. Sheria ilifanya kazi.

Kwa hivyo jibu la kwanza la swali la susu ni hili. Kuna vitu viwili ndani ya sarafu: kuna madini, na kuna neno la mwenye nguvu. Madini yanakaa ndani ya mkebe. Lile neno halikai kwa mkebe. Linakaa kwa mwenye kulisema, na akilibadilisha akiwa mbali, linabadilika hata ndani ya mkebe uliofungwa.

Sasa turudi Ukambani, kwa sababu hii shilingi ya simba ina kesi yake.

Zamani za mababu zetu, Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu. Kivoi wa Mwendwa, yule wa Kitui, aliongoza misafara mpaka pwani, na mwaka wa 1849 ndiye alimkaribisha Krapf kwake. Pembe zilienda Mombasa, huku zikarudi nguo, shanga na waya wa shaba nyekundu na njano. Hakuna mtu alihitaji uso wa mfalme kujua ng'ombe ni ng'ombe.

Halafu reli ikaja. Ilianza Mombasa 1896, na 1898 ilipofika hapa karibu na kwetu, sultani wa Zanzibar, Hamud bin Mohammed, alikuja kuiona. Ndiyo maana stesheni inaitwa Sultan Hamud. Reli ilijengwa na watu kutoka India na ililipa kwa rupia ya India. Sarafu ndogo ya rupia iliitwa paisa, kwa Kiswahili ikawa pesa, kwa Kikamba ikawa mbesa. Kila susu anaposema mbesa, anataja sarafu ya India bila kujua.

Rupia ilikuwa sarafu ya kuheshimika. Gramu 11.66, na fedha sehemu 917 kwa kila 1,000. Ukitoa uchafu unabaki na karibu gramu 10.7 za fedha safi. Lakini Mkamba wa kawaida hakuitafuta kwa sababu ya uzuri wake. Aliitafuta kwa sababu serikali ya wakoloni iliweka kodi ya nyumba na haikutaka ilipwe kwa mtama. Ilitaka rupia. Na rupia ilikuwa kwa mzungu, shambani au kwenye reli. Ptolemy alikuwa na ngano, hawa walikuwa na kodi. Mlango ni tofauti, viatu unavua vile vile.

Kwa miaka mingi pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na rupia 15. Ukipiga hesabu, rupia moja ni shilingi moja na peni nne za Uingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoisha, bei ya fedha duniani ikaruka juu, rupia nayo ikapanda hata ikapita shilingi 2. Masetla wakapiga kelele, kwa sababu walikuwa na madeni ya rupia lakini kahawa yao waliuza London kwa pauni. Mwaka wa 1920 serikali ikaamua: rupia moja itakuwa shilingi 2, basi. Ikatolewa sarafu mpya inaitwa florini, moja kwa rupia moja. Kabla watu waizoee, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa florini moja. Katika muda wa miaka kama miwili nchi ikapita pesa tatu.

Sasa angalia fedha iliyo ndani, kwa sababu hakuna mtu aliwaambia watu wa Nzaui waangalie. Rupia: karibu gramu 10.7. Florini ilikuwa na uzito ule ule wa rupia lakini nusu yake tu ndiyo fedha, karibu gramu 5.8. Shilingi ya simba, kama hii ya susu, ina robo tu ya fedha. Shilingi mbili ukiziweka pamoja unapata karibu gramu 3.9. Yaani mtu aliyebeba rupia yake akaibadilisha vile serikali ilisema, alirudi nyumbani na zaidi kidogo ya theluthi ya fedha aliyotoka nayo. Ptolemy alikata gramu 3 kwa 17. Hawa walikata karibu 7 kwa 11.

Tuwe wa haki. Waingereza walikata fedha hata kwa sarafu zao wenyewe mwaka huo wa 1920, na bei ya fedha baadaye ilianguka. Na sarafu nyepesi si lazima iwe wizi. Ikiwa kila mtu ataipokea kwa thamani ile ile, duka, mwajiri na serikali, basi hujapoteza kitu. Mimi sishtuki kwamba bob 20 yangu haina hata chembe ya fedha.

Shida ni kwamba haikupokelewa sawa. Skiza hii hesabu vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike hii kitu.

Chukua kijana wa Ukambani anayelipwa rupia 6 kwa mwezi shambani kwa setla. Kwa bei mpya hizo ni shilingi 12. Lakini 1921 masetla walisema mambo ni magumu, wakakubaliana kukata mishahara kwa theluthi. Theluthi ya 12 ni 4. Anabaki na shilingi 8. Sasa rudi kwa bei ya zamani, rupia moja kwa shilingi moja na peni nne. Rupia 6 zilikuwa shilingi ngapi? Nane. Umeona? Wakati wa kulipwa, rupia yake ilihesabiwa kwa bei ya zamani.

Na wakati wa kulipa? Kodi ya rupia 5 kwa bei ya zamani ingekuwa shilingi 6 na ushee. Yeye alihesabiwa kwa bei mpya, shilingi 10. Halafu ikapandishwa mpaka 16. Kwa hivyo kodi ambayo kijana angeilipa kwa mshahara wa chini ya mwezi mmoja, sasa inakula miezi miwili mizima. Rupia ile ile ilikuwa na bei mbili, na bei ilichaguliwa kulingana na upande wa meza aliokaa.

Mtu mmoja aliyeiona hii hesabu kwa karibu alikuwa Harry Thuku. Alikuwa kijana wa kupokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali, Nairobi. Mwaka wa 1921 alianzisha chama, kikaitwa East African Association, na kilikusanya watu wa makabila mbalimbali, Wakamba wakiwemo. Malalamiko yao yalikuwa ya kipande, kodi na huo mshahara uliokatwa. Machi 14, 1922 akakamatwa. Machi 16 watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 21, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Baadaye mwaka huo huo kodi ikateremshwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Angalia tena tarehe iliyo kwenye sarafu ya susu. 1922. Shuleni tulifundishwa Thuku kama swali la alama mbili, taja sababu nne za maandamano. Hakuna mwalimu alituwekea ile shilingi mkononi aseme, hii hapa ni mojawapo ya sababu.

Najua mtu atasema, wewe unalinganisha ukoloni na noti za 2019, unatuchezea. La. Si kitu kimoja. Noti za 2019 zilibadilishwa thao kwa thao, hakuna aliyekatwa theluthi. Benki Kuu ilitoa miezi minne na ilitaka kunasa pesa chafu na noti feki. Ni sababu ninayoielewa na hata naikubali. Lakini matokeo yalitangazwa: zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi. Zaidi ya shilingi bilioni 7. Watu wengi wakasema hizo ni za wezi walioogopa. Nyingi labda ni zao. Ila najua 14 ambazo hazikuwa za mwizi. Zilikuwa za mbuzi watatu na magunia ya mbaazi.

Na hilo ndilo fungu linalofanana, kutoka Aleksandria mpaka Matiliku. Pesa ikibadilika, mwenye hasara ni yule anayepata habari mwisho. Mfanyabiashara wa meli angeweza kuandika barua kwa waziri. Setla alikuwa na viti kwenye bunge la wakoloni. Mwenye pesa nyingi 2019 alikuwa na wakili na meneja wa benki. Aliyekunja noti akaziweka kwenye mkebe, akaamini neno lililoandikwa juu yake, huyo ndiye hulipia.

Kwa hivyo ukinitumia picha ya sarafu ya zamani ukiniuliza "hii naeza uza how much?", samahani, sijui bei. Lakini uliza mwenye aliiweka: alilipwa kwa kazi gani, alitoa nini kuipata, ilikufa lini na nani alimwambia. Hiyo habari haiko kwa intaneti na wenye wanaijua wanazeeka.

Tangu 2010 katiba yetu inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Ndiyo maana sarafu za 2018 zina wanyama. Bob 20 ina ndovu, kama ule wa Ptolemy, lakini safari hii hakuna mfalme amemvaa kichwani. Naipenda hiyo.

Agosti 2024 Benki Kuu ikatangaza noti zenye sahihi mpya na uzi mpya wa usalama. Tangazo lilisema wazi kwamba za zamani zinaendelea kutumika. Jioni hiyo hiyo simu yangu ikalia. Susu. Hakunisalimia hata.

"Mwana wakwa, zangu zimekufa tena?"

"Hapana susu, ziko hai."

"Umesoma mwenyewe ama umeambiwa?"

Nikamwambia nimesoma mwenyewe. Akasema sawa, akakata. Wikendi nilipanda matatu mpaka Matiliku, tukaushusha mkebe, tukahesabu pamoja noti moja moja. Zote zilikuwa nzuri. Shilingi ya simba tuliirudisha chini, mahali pake.